Njia Isiyo na Mizizi

Drahomíra Vašátková alikuwa na miaka sitini na mitatu, na kwa miaka ishirini na saba alikuwa amepaka rangi miti ya watu. Kila baridi ilipokatika alitoka nyumbani kwake Polička na kopo la rangi nyeupe, kopo la rangi nyekundu na brashi mbili, akaingia misituni kwenye njia alizokabidhiwa na chama cha watembea kwa miguu, akipaka kwenye magome ile alama ya mistari mitatu inayomwambia mpita njia kwamba hajapotea. Malipo yake yalikuwa nauli na soseji moja kwenye mkutano wa mwaka. Alipostaafu kazi ya posta watu walimwuliza atafanya nini na muda wote ule, naye akawajibu kwamba miti haijastaafu.

Dada yake Vlasta alikuwa amemzidi miaka mitano. Huyu aliishi kwa macho yake. Kwa miaka thelathini alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha vitambaa vya kitani, na alisifika kwamba uzi uliokatika aliuona akiwa hatua tatu mbali, kitambaa kikiwa bado kinakimbia kwenye mashine. Mwaka wa sabini na tisa, akiwa msichana wa miaka ishirini na minne, jina lake liliwekwa kwenye orodha ya wafanyakazi watakaopelekwa likizo Yugoslavia, kwenye milima ya Slovenia. Alinunua viatu. Alivivaa jioni jikoni ili vilainike. Wiki mbili kabla ya safari jina likafutwa, kwa sababu binamu yao alikuwa amekimbilia Ujerumani Magharibi na serikali haikutaka mwingine wa ukoo ule auone mpaka.

Mipaka ilipofunguliwa, Vlasta alikuwa na mtoto mchanga. Baadaye akawa na mama mkwe wa kuuguza, kisha mume aliyepooza upande mmoja kwa miaka tisa. Kila mara ilipotajwa ile milima alisema, "Mwaka ujao," na akaendelea na alichokuwa akikifanya.

Halafu siku moja alimimina kahawa pembeni ya kikombe.

Daktari alimweleza bila kuzunguka. Kitovu cha uoni kilikuwa kinakufa katika macho yote mawili. Kando kungebaki, lakini katikati, pale mtu anapotazama hasa, kungekuwa na doa la kijivu, na doa lile lingekuwa likipanuka. Kwa kasi gani, yeye hakuweza kusema.

Vlasta alimpa mdogo wake habari hizo mwezi wa pili, wamekaa jikoni, theluji ikiyeyuka dirishani. Alizungumza kama anayesimulia ya jirani. Mwishoni akasema, "Ningependa tu kuwa nimeiona ile milima. Basi, imepita."

"Haijapita," alisema Drahomíra. "Mwezi wa tisa tunakwenda."

"Nani na nani?"

"Mimi na wewe. Kwani kuna wengine humu?"

"Draha, mdogo wangu. Sasa hivi nakutazama usoni na huna uso. Nikapande mlima nikaone nini?"

"Hilo niachie mimi. Ninachagua njia tangu hujapata mvi. Nitakuchagulia ambayo utaiona."

Vlasta alicheka, lakini hakusema mwaka ujao. Drahomíra alilitambua hilo, na akalichukua kama ndiyo.

Mtu wa kwanza kupinga alikuwa Radka, binti ya Vlasta, mfamasia, mwanamke aliyezoea kuona mambo yakienda vibaya kwa watu wasiosoma maelekezo. Alimpigia simu jioni ileile.

"Mama mdogo, umemwambia nini mama? Ametoa viatu kabatini."

"Vizuri. Avipake mafuta."

"Ana miaka sitini na minane na haoni ngazi za nyumbani kwake. Akivunjika nyonga huko nani atamleta? Wewe utambeba?"

"Nimembeba baba yako ghorofa tatu juu, unakumbuka? Alikuwa mzito kuliko mama yako."

"Sifanyi mzaha."

"Na mimi sifanyi. Nipe mpaka mwezi wa sita. Nikishindwa kupata njia inayomfaa, nitamwambia mwenyewe kwamba hatuendi."

Radka alikubali, akiamini kwamba njia hiyo haipo.

Drahomíra alinunua ramani nne za Alpi za Slovenia, akazitandaza sakafuni kwa sababu meza haikutosha, na kwa kalamu ya risasi akaorodhesha njia kumi na tisa ambazo kila mtu anazisifia. Lakini kabla ya kuchagua ilimbidi ajue anamchagulia nani. Kwa hiyo mwezi wa nne na wa tano akawa anamchukua Vlasta kwenye njia zake mwenyewe, zile alizozipaka, na kumtembeza huku akiandika kwenye daftari.

Aliyoyaandika yalimshangaza. Alidhani mawe ndiyo yangekuwa adui, kumbe mawe yaliyolegea yalikuwa na afadhali, kwa kuwa yalitoa sauti chini ya fimbo. Adui alikuwa mzizi. Mzizi wa kahawia juu ya udongo wa kahawia, uliolala kimya kukata njia. Vlasta hakuuona hata mmoja. Njia ambayo Drahomíra aliipita maelfu ya mara bila kufikiri ilimwangusha dada yake mara mbili ndani ya robo saa. Kingine kilikuwa kivuli cha msitu siku ya jua, madoadoa ya mwanga na giza, ambayo yalimfanya asimame kama aliyefika ukingoni mwa mto. Na jua la usoni. Jua likiwa mbele, Vlasta alikuwa kipofu kabisa.

Mambo ya mbali ndiyo yaliyoleta habari njema, na aliyeyagundua ni Vlasta mwenyewe. Walikuwa wamekaa juu ya kilima, mji uko chini yao.

"Nikiutazama mnara wa kanisa hakuna mnara," alisema. "Nikitazama duka la nyama, mnara huu hapa, na saa yake. Lakini duka la nyama limefungwa."

"Kwa hiyo utazame pembeni."

"Nitazame pembeni, ndiyo. Kama msichana anayejifanya hamtaki mtu."

Drahomíra aliandika: *mambo mapana. Safu nzima, si kilele kimoja.* Kilele kimoja chembamba kingemezwa na lile doa. Usiku ule alizichukua zile njia kumi na tisa na kuanza kufuta. Zote zenye kilele kimoja mashuhuri, zilifutwa. Za msituni kwa zaidi ya saa moja, zilifutwa. Zenye minyororo na vyuma vya kushikilia hakuzitafakari hata mara moja. Za kupanda asubuhi jua likiwa mbele, zilifutwa. Picha nzuri zote za vitabu vya safari zikaenda na maji. Zilibaki mbili, na alipozikagua kwenye ramani kubwa zaidi, nazo zikaanguka.

Alikwenda kwa mzee Oldřich Burian. Mzee huyu alikuwa mwenyekiti wa zamani wa chama, mwalimu wa jiografia aliyepanda kila alichoweza kupanda na hakumwacha mtu asahau. Alimsikiliza kwa dakika tano, bia yake ikitulia.

"Kwa maneno mengine unatafuta mlima wenye zulia," alisema.

"Natafuta wenye barabara."

"Basi nenda kwenye maegesho ya magari ukapige picha."

"Oldřich, sikuja kutaniwa. Kama hujui, sema hujui, nikamwulize mwingine."

Neno hilo lilimpata. Mzee alisukuma glasi kando, akavuta ramani kwake, akavaa miwani.

"Babu yangu alikuwa huku," alisema hatimaye, kidole kikiwa juu ya bonde la mto Soča. "Vita vya kwanza. Jeshi la mfalme lilimpa sururu badala ya bunduki, akapasua mawe miaka miwili. Walijenga njia za nyumbu wa mizigo, za kupelekea mkate na risasi juu kwenye mahandaki. Nyumbu akiteleza, kikosi kizima kinalala njaa. Kwa hiyo hawakujenga ovyo. Upana wa mita mbili, mteremko uleule kutoka chini mpaka juu, mawe yamepangwa kwa mkono. Nyingine zipo mpaka leo." Alimtazama juu ya miwani. "Tafuta mistari inayopinda pinda kama utumbo. Hizo ndizo."

Drahomíra alipata tatu. Ramani, hata hivyo, haionyeshi mizizi. Alitafuta nambari ya nyumba ya wageni iliyokuwa karibu zaidi na njia hizo na kupiga simu. Aliyepokea alikuwa mwenye nyumba, Marjeta, mwanamke mwenye sauti ya kuzoea kuita watu walio ng'ambo ya shamba. Mmoja alisema Kicheki, mwingine Kislovenia, wakaelewana kama wanavyoelewana majirani wanaozungumza juu ya ukuta: nusu kwa maneno, nusu kwa kurudia.

"Unataka kujua bei ya chumba?" aliuliza Marjeta.

"Baadaye. Nataka kujua mizizi ikoje."

"Nini?"

"Mizizi. Ya miti. Njiani."

"Mama, nina miaka ishirini na miwili napokea wageni. Wameniuliza maji ya moto, wameniuliza dubu. Mizizi bado."

Drahomíra alimweleza habari za Vlasta. Hakupunguza na hakuongeza. Marjeta alisema atapiga, akakata. Drahomíra alidhani ameambulia adabu tu. Siku ya nne simu ikalia.

"Ya kwanza ina mizizi nusu saa nzima, iache. Ya pili imeporomoka tangu masika, mume wangu Cveto ameiona. Ya tatu nimekwenda mwenyewe. Nimepanda mpaka kwenye uwazi wa juu, nimefumba jicho moja ili nijue."

"Na ikawaje?"

"Nimehesabu mizizi kumi na mmoja. Yote iko sehemu moja, karibu na chemchemi. Jua la asubuhi linakuwa mgongoni. Huko juu safu yote imekaa mbele yako kama kabati la vyombo. Saa tatu kwa mtu wa kawaida. Kwenu sema tano."

Drahomíra alimshukuru mara tatu. Kisha akampigia Radka na kumsomea daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, mpaka kwenye ile mizizi kumi na mmoja. Radka hakumkatiza. Mwishoni alisema tu, "Nitawaandalia dawa." Na siku ya kuondoka alikuja kituoni na mfuko wa bandeji za magoti na karatasi ya nambari za dharura iliyokunjwa mara nne, akamkumbatia mama yake, akamwambia mama yake mdogo, "Mkianguka msinipigie," na akabaki amesimama hadi basi lilipopotea.

Walikuwa na siku tano bondeni. Ya kwanza walitembea kando ya mto kulainisha miguu, na Vlasta akasema kwamba rangi ya maji yale aliiona hata pale alipokuwa haoni. Ya pili ilinyesha kutwa, milima ikafungwa na wingu kuanzia mapaa ya nyumba kwenda juu. Vlasta alikaa kibarazani, ameridhika kabisa.

"Leo tuko sawa," alisema. "Na wewe huoni kitu."

Usiku ukavuma upepo. Siku ya tatu kulikuwa shwari, wakaanza kupanda alfajiri. Njia ilikuwa kama mzee Oldřich alivyosema. Walioijenga walikuwa wamekufa zamani, lakini kila jiwe lilikuwa limeshikana na mwenzake, na Vlasta, fimbo mbili mikononi, alitembea kwa mara ya kwanza katika miaka miwili bila kuburura mguu kutafuta ardhi. Kwenye chemchemi Drahomíra alimshika mkono na kuhesabu mizizi kwa sauti. Kumi na mmoja. Walipinda kona, wakapinda nyingine. Baada ya kona ya thelathini na nne njia ikaisha.

Misonobari mitatu ilikuwa imeanguka usiku, mmoja juu ya mwingine, matawi yameelekea bondeni. Drahomíra alimkalisha dada yake juu ya jiwe akaenda kukagua. Chini ya magogo kulikuwa na upenyo wa kutambaa. Upande wa kushoto wa upenyo huo hakukuwa na kitu, hewa tu, na sauti ya maji mbali chini. Yeye angepita. Alirudi.

"Tunageuka," alisema.

"Kuna nini?"

"Miti mitatu. Mtu anaweza kupenya kwa tumbo, ila ukingo uko hapohapo."

"Basi nitapenya kwa tumbo."

"Hapana."

Vlasta alisimama. "Unaujua ukubwa wa hilo neno? Miaka arobaini na minne naambiwa rudi. Nimeambiwa na kamati, nimeambiwa na mama mkwe, nimeambiwa na madaktari. Leo naambiwa na wewe."

"Naam, na mimi. Nimekutafutia njia utakayopanda na kushuka. Ya kupanda peke yake ningeipata mwezi wa pili."

"Huna haki."

"Hata kama. Nipe mkono."

Walishuka bila kusemezana. Vlasta aliukubali mkono pale kwenye mizizi tu, kisha akauachia. Drahomíra alikuwa na hasira mpaka meno yakamuuma, na hasira hiyo haikuwa juu ya dada yake. Chini, kabla hata hajavua viatu, aliingia jikoni kwa Marjeta na kumkuta na mumewe Cveto, mtu mfupi asiye na haraka ambaye naye, kama Drahomíra, aliitunza njia ile kwa kujitolea kwa niaba ya chama cha wapanda milima cha bonde.

"Magogo matatu, kona ya thelathini na nne," alisema Drahomíra. "Yataondolewa lini?"

"Nitawaarifu watu wa misitu," alisema Cveto. "Wiki moja. Labda mbili, upepo umeangusha mengi."

"Sisi tunaondoka keshokutwa jioni."

Cveto alitikisa kichwa kwa huruma.

"Una msumeno wa mashine?" aliuliza Drahomíra.

"Ninao."

"Basi kesho unakwenda nao, na mimi nakusaidia. Nimesafisha njia miaka ishirini na saba. Mafuta nabeba mimi."

Cveto alimtazama Marjeta. Marjeta aliendelea kukata vitunguu. "Usinitazame mimi," alisema. "Huyu ndiye wa mizizi."

Siku ya nne, kabla ya mapambazuko kukamilika, walipanda, yeye na Cveto, msumeno kwa huyu na dumu la mafuta kwa yule. Vlasta aliachwa akitoa kokwa za plamu na Marjeta, bado hasemi. Kazi iliwachukua mpaka saa kumi jioni. Cveto alikata kutoka juu, kipande baada ya kipande, na Drahomíra alivuta matawi na kuyasukuma bondeni, kisha wakaviringisha vigogo pamoja kwa mtaimbo mpaka vikaegemea ukuta wa ndani. Mara mbili Cveto alimwambia apumzike. Mara mbili alimjibu kwamba atapumzika Polička. Walipomaliza alipiga magoti, akafagia njia kwa tawi la msonobari, vumbi la mbao lote, kwa sababu vumbi jeupe lingemchanganya Vlasta akaliona kama ukingo.

Aliporudi mikono yake ilikuwa imechubuka na kunuka utomvu. Vlasta alikuwa mezani. Aliinusa kabla hajaambiwa kitu, akaishika, akapapasa malengelenge moja moja kwa kidole kilichozoea kutafuta kasoro kwenye kitambaa.

"Umefanya nini wewe?"

"Kesho saa kumi na moja tuamke."

"Draha."

"Kula. Marjeta amekupikia."

Siku ya tano waliondoka nyota zikififia. Kwenye kona ya thelathini na nne Vlasta alisimama, akagusa uso wa gogo lililokatwa, ambalo lilikuwa bado na unyevu, akaendelea. Miti ikapungua, ikawa mifupi, ikaisha. Saa nne na dakika arobaini tangu waanze, njia ikanyooka na kuingia kwenye uwanda wa majani, na upande wa pili wa uwanda ule safu yote ilikuwa imesimama kutoka mwisho mmoja wa mbingu hadi mwingine, mawe ya kijivu yaliyokaribia weupe, vipande vya theluji kuukuu kwenye mifereji, na ziwa dogo jeusi miguuni pake.

Drahomíra alitaka kuuliza, lakini akaogopa jibu.

Vlasta aligeuza kichwa huku na huku kama ndege. "Njoo hapa mbele yangu," alisema. "Hapo. Hatua tatu."

"Nitakuziba."

"Wewe ndiye nisiyekuona, utanizibaje? Nataka pa kukazia macho. Simama, usitikisike."

Drahomíra alisimama, mgongo kwa milima, mikono imelegea kama mtoto anayepimwa nguo. Dada yake alimkazia macho usoni, pale pasipokuwa na uso, na akakaa hivyo muda mrefu.

"Kulia kuna mmoja umevunjika kama jino," alisema Vlasta polepole. "Halafu unashuka, halafu kuna meza. Kushoto ni ukuta mtupu, una michirizi. Michirizi myeupe, minne. Hapana, mitano. Ni mikubwa, Draha. Sikujua ni mikubwa hivi. Kwenye kalenda ya kiwandani ilikuwa kama keki."

Drahomíra aligeuka. Kulia kulikuwa na jino lililovunjika. Michirizi ilikuwa mitano.

Walikaa kwenye majani wakala mkate na nyama ya kukaanga, na kunywa chai iliyobaki vuguvugu. Vlasta alikula vipande viwili, akaomba na cha mdogo wake. Kushuka kuliwachukua saa nne na nusu, na magoti ya Drahomíra, si ya Vlasta, ndiyo yaliyozihitaji bandeji za Radka. Basi la jioni waliliwahi kwa dakika sita.

Majira ya baridi yaliyofuata doa lilipanuka, kama daktari alivyosema lingefanya. Vlasta aliacha kusoma kabisa na kuanza kutumia fimbo nyeupe mjini, akiipigisha kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, hasa mbele ya ofisi za serikali. Drahomíra alisoma daftari lake kwenye mkutano wa mwaka wa chama, lote, ingawa mzee Oldřich alikohoa mara kadhaa kuonyesha kwamba muda umekwisha. Wiki iliyofuata watu wawili wa wilaya walimpigia simu, na baada yao mama mmoja kutoka Brno mwenye mtoto wa miaka kumi na mbili asiyeona vizuri, akiuliza kama kuna njia ya namna ile karibu na kwao. Drahomíra hakujua. Alimwambia asubiri mwezi wa nne, theluji iondoke, ataenda kuitafuta.

Na mwezi wa tatu, wakinywa kahawa ambayo sasa Drahomíra ndiye aliyeimimina, Vlasta aliuliza mwaka huu wanakwenda wapi. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Drahomíra alikuwa tayari na ramani mbili za milima ya Poland sakafuni na njia saba kwenye orodha. Tatu alikuwa amekwisha kuzifuta.